Flashi inayobeba kompyuta ya mtoto: mzazi ajue inachofungua na inachofunga

Bariadi. Katikati ya mwaka, pamba inapokuwa kwenye mizani za vyama vya msingi vya ushirika, familia nyingi za Simiyu huwa na orodha ndefu kuliko fedha. Kuna ada, kuna sare, kuna bati za kumalizia nyumba, na kuna deni la pembejeo linalosubiri kukatwa. Laptopu ya mwanafunzi, kama imo kwenye orodha, huwa ya mwisho.

Bahati mbaya, kipindi hichohicho ndicho mtoto aliyemaliza kidato cha sita anapoihitaji kompyuta kuliko wakati mwingine wowote. Matokeo ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) yanatoka, vyuo vinapokea maombi, na dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufunguliwa na kufungwa kwa tarehe. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA. Taarifa za mdhamini zinajazwa, fomu inachapwa, inasainiwa, inaskaniwa, kisha inapakiwa tena kwenye mfumo.

Kwa familia isiyo na kompyuta, kazi hiyo yote hufanyika steshenari, iwe ni Bariadi mjini, Maswa, Mwanhuzi, Nyashimo au Lagangabilili. Mtoto huketi mbele ya mashine ambayo siku hiyo imeshakaliwa na watu kadhaa. Akimaliza, hulipia kurasa zake na kuondoka.

Anachoacha nyuma hakionekani kwa haraka. Kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa hubaki nakala ya cheti chake, kitambulisho cha mdhamini na fomu yenye namba ya NIDA. Kwenye kivinjari hubaki barua pepe ambayo hakuifunga, na wakati mwingine neno la siri ambalo mashine iliuliza kama ilihifadhi, naye akabonyeza ndiyo bila kusoma. Anayeketi baada yake anaweza kuwa mtu mwema. Anaweza pia kuwa yule atakayepiga simu kesho akijifanya ofisa wa mikopo, akitaja jina kamili la mama na shule aliyosoma mtoto.

Ipo njia ya kupunguza hatari hiyo, na hiyohiyo inaweza kuifufua laptopu iliyokufa kabatini au kuwawezesha watoto watatu kugawana mashine moja bila ugomvi. Ni flashi ya kawaida iliyowekewa mfumo endeshi mzima. Ila njia hii inafungua pia mlango mwingine ndani ya nyumba, na mzazi anapaswa kuujua kabla mtoto hajaujua.

Mgeni aliyekuja na mkeka wake

Kompyuta yoyote ikiwashwa, huamsha kwanza programu mama inayoongoza nyingine zote. Hiyo ndiyo mfumo endeshi. Kwenye mashine nyingi za Tanzania ni Windows, nayo hukaa kwenye diski iliyo ndani ya kompyuta.

Hata hivyo, kompyuta hailazimiki kuamka kutoka kwenye diski yake. Inaweza kuambiwa iamke kutoka kwenye flashi, mradi flashi hiyo imeandaliwa. Mfumo uliomo hupakiwa kwenye RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine, na mtumiaji anaona dirisha jipya kabisa lenye kivinjari, programu ya kuandikia na michezo yake. Windows ya mwenye mashine inabaki imelala. Kompyuta ikizimwa, vilivyokuwa kwenye RAM vinatoweka, na ikiwashwa tena bila flashi inaamka kama ilivyokuwa jana.

Ni kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Analala chumbani humo, lakini hatumii kitanda wala shuka za mwenyeji. Asubuhi anakunja mkeka na kwenda zake.

Wazo hili si geni. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo wa familia ya Linux uliowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanzisha Puppy Linux, mdogo kiasi cha kutosha mashine dhaifu. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaleta Ubuntu, ambao jina lake kila msemaji wa Kiswahili analitambua: ni utu uleule.

Tanzania nayo ilikuwemo. Desemba 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliojulikana kama Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kutoka kwenye OpenOffice ndiko ilikozaliwa LibreOffice mwaka 2010, ambayo leo mtoto anayewasha flashi ya Ubuntu au Linux Mint huikuta ikimsubiri kwa ajili ya kuandikia insha na barua.

Mwaka 2009 walimwengu wa elimu walikwenda hatua nyingine. Sugar Labs ilitoa Sugar on a Stick, mfumo wa masomo ya watoto uliowekwa kwenye flashi. Lengo lilikuwa mtoto abebe mazingira yake ya kujifunzia mfukoni, ayawashe kwenye kompyuta yoyote atakayoikuta shuleni au nyumbani, na kesho aendelee alipoishia. Fikra hiyo inafaa hasa mahali ambapo mtoto anaweza kumudu flashi lakini hawezi kumudu kompyuta.

Kazi nne zinazoonekana nyumbani

Ya kwanza ni kufufua mashine. Laptopu nyingi zinazofika mikononi mwa familia ni za mtumba, na ugonjwa wao mkubwa ni diski kufa au Windows kukataa kuwaka. Mashine ambayo diski yake imekufa kabisa bado inaweza kuwaka kwa flashi, kwa sababu skrini, kibodi, prosesa na RAM ni wazima. Kabla ya kuiuza kwa bei ya chuma chakavu, inafaa ijaribiwe.

Suala hili limekuwa kubwa tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inahitaji angalau GB 4 za RAM, prosesa za miaka ya karibuni na kifaa cha usalama ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Mwenye laptopu ya zamani hana sababu ya kuitupa. Linux Mint, kwa mfano, ina toleo jepesi liitwalo Xfce linalokwenda vizuri kwenye mashine yenye GB 4, na hata yenye GB 2 litajikongoja.

Ya pili ni kugawana. Nyumba yenye laptopu moja na watoto watatu ina kesi kila wiki: nani alifuta kazi ya nani, nani alipakua mchezo uliojaza nafasi. Kila mtoto akiwa na flashi yake, kila mmoja ana meza yake. Anayemaliza zamu anazima, anachomoa, anampisha mwenzake. Mafaili ya baba ya hesabu za duka yanabaki kwenye diski.

Ya tatu ni hiyo ya steshenari na maabara ya kompyuta ya shule. Kwa mfumo wa kwenye flashi, kivinjari kinachotumika ni cha mtoto mwenyewe, na maneno ya siri hayabaki kwenye mashine ya watu. Virusi vilivyozoea kukaa kwenye Windows, kama kile kinachogeuza mafolda yote ya flashi kuwa njia za mkato, havipati nafasi ya kuamka.

Ya nne ni uokoaji. Windows ikigoma kuwaka siku mbili kabla ya kuwasilisha kazi ya chuo, mara nyingi mafaili hayajafa. Kilichokufa ni njia ya kuyafikia. Ukiiwasha mashine kwa flashi, unaweza kufungua diski ya ndani, kunakili picha za msiba wa bibi au rasimu ya utafiti, na kuziweka mahali salama kabla fundi hajaanza kufuta. Kwa kazi hii peke yake, flashi moja iliyoandaliwa inastahili kukaa kwenye droo ya kila nyumba yenye kompyuta.

Kuna faida ya ziada kwa wanaoishi mbali na mtandao wa uhakika. Programu ya Kiwix humwezesha mtu kusoma Wikipedia bila intaneti, ikiwamo ya Kiswahili, baada ya kuipakua mara moja. Vitabu vya kiada vilivyo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania navyo vinaweza kusomwa siku ambayo mtandao upo. Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential limekuwa likipeleka shuleni kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua, zikiwa na maktaba ya masomo ndani yake bila kutegemea intaneti. Kanuni ni moja: maarifa yakipakuliwa mara moja, yanatumika mara nyingi bila bando.

Namna ya kuiandaa

Kwanza ni flashi yenyewe. Ya GB 16 inatosha kuanzia, ya GB 32 ni nzuri zaidi. Inafaa iwe ya USB 3, ambayo mara nyingi hutambulika kwa rangi ya buluu ndani ya kichomeo, kwa sababu ya USB 2 itamchosha mtoto kwa kusubiri. Mzazi ajihadhari na flashi za minadani zilizoandikwa TB 2 kwa bei ya soda chache. Nyingi ya hizo zimedanganywa: zinasema zina nafasi kubwa, lakini baada ya GB chache zinaanza kufuta cha mwanzo ili kupokea cha mwisho.

Pili ni kupakua mfumo. Linux Mint ni takribani GB 3 na Ubuntu hukaribia GB 6, hivyo si kazi ya bando la siku. Ila leseni yake inaruhusu kunakili na kumpa mwingine bila malipo. Mzazi mmoja, mwalimu mmoja au fundi mmoja akipakua, mtaa mzima unaweza kunakili kwake bila kuvunja sheria, tofauti na Windows za kuchakachua zinazouzwa kwa fundi na ambazo mara nyingi huja na wadudu wake. Cha msingi ni nakala ya mwanzo itoke kwenye tovuti rasmi ya mfumo husika.

Tatu ni kuuandika mfumo kwenye flashi. Kunakili faili na kulibandika hakutoshi. Zinahitajika programu za bure kama Rufus, balenaEtcher au Ventoy. Kazi hii hufuta kila kilichokuwa kwenye flashi, kwa hiyo nyimbo za kwaya na picha za harusi zihamishwe kwanza. Ventoy ina ziada yake: inaruhusu mifumo kadhaa kukaa kwenye flashi moja, na mtumiaji anachagua wa kuwasha.

Nne ni hifadhi ya kudumu. Bila hiyo, kila kitu anachoandika mtoto kinatoweka mashine ikizimwa, na machozi ya kwanza ya teknolojia hii hutoka hapo. Rufus, kwa mifumo kama Ubuntu, humuuliza mtumiaji atenge nafasi ya kuhifadhia mafaili na mipangilio. Akitenga GB 8 kati ya 16, kazi ya leo ataikuta kesho.

Tano ni kuiwasha. Flashi inachomekwa mashine ikiwa imezimwa, kisha inawashwa huku kitufe cha kuita menyu ya kuwashia kikibonyezwa mfululizo. Kwenye Dell, Lenovo na Acer kwa kawaida ni F12. Kwenye HP ni Esc au F9, na kwenye laptopu za Asus ni Esc. Ikitokea orodha, huchaguliwa jina la flashi.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Baadhi ya mifumo, ukiwamo Ubuntu, humuuliza mtumiaji kama anataka kuujaribu au kuusimika. Anayechagua kuusimika na kubonyeza endelea bila kusoma anaweza kufuta diski yote ya mashine, pamoja na kazi za mwenye steshenari za miaka mitano. Mtoto afundishwe neno moja la kutafuta kwenye skrini, “Try”, yaani jaribu, na moja la kukimbia, “Install”.

Ruhusa kabla ya flashi

Kwenye mashine ya mtu mwingine, hatua ya kwanza ni kuomba. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila kibali, na mwenye steshenari anayemwona kijana akibonyeza F12 bila maelezo ana haki ya kushtuka.

Maombi ya heshima hufika mbali: “Shikamoo mama, naomba kutumia mfumo wangu wa kwenye flashi kujazia fomu, sitagusa vitu vyako, na nikimaliza nitazima.” Akikataa, amekataa. Mashine ni yake, na yeye ndiye atakayepata hasara ikiharibika.

Zipo pia mashine ambazo si za kujaribiwa kabisa. Kompyuta za ofisi na laptopu nyingi mpya huwa na ulinzi wa BitLocker unaofunga diski kwa msimbo. Ukibadilisha mipangilio ya ndani ya kuwashia, siku inayofuata mashine inaweza kudai ufunguo mrefu wa tarakimu 48 ambao mwenyewe hajui alikouweka. Kama menyu ya kawaida haikubali flashi, kijana aache hapo hapo.

Jambo dogo ambalo huleta maneno ni saa. Baada ya kutumia Linux, saa ya Windows inaweza kuonekana imerudi nyuma saa tatu, kwa sababu mifumo hii miwili husoma saa ya mashine kwa namna tofauti na Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya kimataifa. Ikitokea, irekebishwe kabla ya kuondoka.

Kuchapa nako kuna ugumu wake. Printa ya steshenari huenda isikubaliane na mfumo wa flashi. Njia rahisi ni kuhifadhi fomu kama PDF kwenye flashi nyingine ya kawaida, ili mpangilio wa kurasa usiyumbe, kisha kuichapa kwa mashine ya duka. Maana yake ni kwamba faili litapita kwenye mashine ya watu. Basi lichapwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kama lilinakiliwa, lifutwe, na pipa la taka limwagwe mbele ya macho.

Mlango wa pili

Hadi hapo, habari ni njema. Sasa upande ambao wauzaji wa wazo hili hawautaji sana.

Mgeni mwenye mkeka wake hatumii kitanda cha mwenyeji, lakini yumo chumbani. Kabati likiwa halijafungwa, anaweza kulifungua. Uwezo uleule unaookoa picha za bibi kwenye Windows iliyokufa ndio unaomwezesha mtoto wa kidato cha pili kusoma mafaili ya baba bila kujua neno la siri la Windows. Neno hilo la siri hulinda mlango wa Windows tu. Halilindi diski yenyewe. Aliyewasha kwa flashi hakupitia mlango huo.

Vilevile, kila kizuizi ambacho mzazi amekiweka ndani ya Windows hakifanyi kazi mfumo mwingine ukiwaka. Muda wa mwisho wa kutumia mashine, tovuti zilizozuiwa, historia ya kurasa zilizotembelewa: vyote vimelala pamoja na Windows. Kijana anayetumia flashi isiyo na hifadhi ya kudumu anaweza kukaa mtandaoni usiku kucha, na asubuhi kompyuta haina la kusimulia.

Mzazi anayesikia hili kwa mara ya kwanza anaweza kutamani kupiga marufuku flashi zote nyumbani. Itakuwa kazi bure. Maelekezo yake yako kwenye simu ya kijana yeyote mwenye bando, na marufuku hiyo itamnyima mwanafunzi chombo kizuri bila kumzuia mtundu.

Yapo mambo yanayosaidia zaidi. Diski yenye nyaraka za familia ifungwe kwa msimbo, kama mashine ina uwezo huo, na ufunguo wake uandikwe kwenye daftari linalokaa na hati za nyumba. Mashine za watoto wadogo ziwekewe neno la siri la kuwashia, ili kubadilisha chanzo cha kuamka kuhitaji mkubwa. Muda wa intaneti usimamiwe kwenye chanzo chake: kama bando linatoka kwenye simu ya mama, simu ya mama ikizimwa usiku, flashi haina pa kwenda.

Kubwa kuliko yote ni mahali pa kukaa kompyuta. Mashine iliyo sebuleni, skrini ikiangalia wanaopita, inalindwa na macho ya watu wote wa nyumba. Hakuna flashi inayoweza kuyazima macho hayo.

Flashi hufa

Kuna kosa moja ambalo hurudiwa na watu wazima kwa watoto: kuiamini flashi kama sanduku la chuma. Flashi ina kikomo cha mara inazoweza kuandikwa, na mfumo endeshi huandika na kufuta muda wote. Flashi ya bei nafuu inayotumika kila siku namna hii inaweza kufa bila dalili. Inaweza pia kuanguka kwenye bodaboda kati ya Bariadi na Lamadi, au kufuliwa ndani ya mfuko wa sare.

Umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani, au mdogo wake akichomoa flashi katikati ya kazi, hifadhi inaweza kuharibika. Kwa hiyo kanuni ni moja: kisichokuwa na nakala mbili, hesabu hakipo. Nakala ya vyeti na kazi za shule ikae kwenye flashi nyingine ya kawaida. Simu nyingi za Android zinaweza kusoma flashi hiyo kwa kutumia kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, hivyo mama asiye na kompyuta anaweza kubaki na nakala yake kwenye simu.

Upotevu una upande wa pili. Hifadhi ya kudumu inayotengenezwa na Rufus haifungwi kwa neno la siri. Anayeiokota flashi anaweza kusoma kila kilichomo, pengine pamoja na barua pepe iliyoachwa wazi. Mifumo kama Tails, ulioanza mwaka 2009 kwa ajili ya watu wanaohitaji faragha kubwa, wakiwamo waandishi wa habari, hufunga hifadhi yake kwa neno la siri. Lakini Tails hupitisha intaneti yote kwenye mtandao wa Tor, jambo linalopunguza kasi na kufanya baadhi ya tovuti zikatae. Kwa mwanafunzi wa kawaida, njia nyepesi ni kutoweka namba za NIDA, nyaraka za benki wala maneno ya siri kwenye flashi anayozunguka nayo.

Wala mfumo wa flashi si kinga ya kila kitu. Mashine iliyochomekewa kifaa cha kunasa herufi zinazobonyezwa kwenye kibodi itanasa tu, hata mfumo ukiwa wa malaika. Kamera ya dukani itaona. Rafiki aliyesimama begani atasoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawapa wanaokusanya na kutumia taarifa za watu wajibu wa kuzilinda, lakini uangalifu wa kwanza unabaki kwa mwenye taarifa.

Wiki moja kabla ya dirisha

Familia yenye mtoto anayetarajia kuomba chuo au mkopo isisubiri siku ya mwisho kujaribu flashi kwa mara ya kwanza. Wiki moja kabla, mzazi na mtoto waende pamoja kwenye mashine watakayotumia, waombe ruhusa, wawashe, waandike ukurasa mmoja, wahifadhi, wazime, wawashe tena na kuona kama ukurasa upo. Wafungue tovuti watakayoombea na kuhakikisha inafunguka vizuri.

Ikikubali, mtoto ameshapata meza yake. Ikigoma, bado kuna siku sita za kutafuta njia nyingine, na fomu ya mkopo haijaguswa.